Nani Asimame Nyuma: Habari za Walinzi wa Kitui na Makueni

Kila penye kabumbu pana ubishi, na katika ubishi wote wa mashabiki hakuna unaodumu kama ule wa kuchagua mabeki. Kwani mfungaji hutetewa na mabao yake, ambayo hata mtoto huweza kuyahesabu, lakini beki aliyetimiza kazi yake haachi alama yoyote isipokuwa kwamba baya lililokuwa likija halikufika, na jambo lisilotokea sharti lipatiwe mashahidi. Mashahidi hao huketi hadi usiku chini ya miembe ya Wote na kandokando ya vituo vya matatu vya Mwingi na Mutomo, mmoja akisema kwamba namba tano wa mwaka huu ni mzito wa kugeuka, mwingine akimjibu kwamba wepesi bila ya kuusoma mchezo ni hasara tupu, na wa tatu, aghalabu mzee, akiwatajia wote wawili jina la kijana wa zamani ambaye hakupata kupitwa. Nia yangu hapa ni kueleza kwamba ubishi huo, katika nchi ya Kitui na Makueni, una nasaba ndefu kuliko mpira wenyewe; kwamba watu wa nchi hii walikuwa wamekwisha kuzoea kuketi na kuulizana ni nani wa kuwekwa nyuma kabla uwanja wa kwanza wa kabumbu haujapimwa kwao; na kwamba njia yao ya kulijibu swali hilo ilikuwa na insafu ambayo wachaguzi wa baadaye, wa jeshi na wa kabumbu, hawakuifikia mara nyingi.

Nchi yenyewe ndiyo iliyowafunza. Mapokeo ya Wakamba huitaja milima ya Mbooni, iliyo katika Makueni ya leo, kuwa ndiyo maskani yao ya zamani, ambako walitawanyika kwenda Iveti na Kilungu, na wengine wakauvuka mto Athi hadi Kitui. Apandaye Mbooni hahitaji kuelezwa kwa nini wazee waliipenda, maana ina mabonde ya maji na udongo wa rutuba, na juu ya hayo ina miteremko mikali ambayo adui huipanda akihema huku aliyeko juu akimwona tangu mbali. Wamasai waliozimiliki mbuga za chini walikuja kwa mikuki na ngao kutafuta ng'ombe. Mkamba hakutegemea ngao wala mkuki; silaha yake ilikuwa uta, na podo la mishale iliyopakwa sumu, na upanga mfupi kiunoni, na mwenye silaha hizo hana haja ya kukutana na mwenye mkuki penye uwanda wazi, bali humngoja penye mawe na miiba, ambapo mbio za adui hazimfai kitu. Ulinzi wa namna hiyo haukuwa wa misuli. Ulimtaka mtu mtulivu, ajuaye kungoja, asiyeachia mshale kabla ya wakati wake wala asiyeondoka mahali pake kwa sababu jirani yake ameondoka. Na mtu wa sifa hizo hatambulikani kwa kutazamwa umbo lake asubuhi moja.

Alitambulikana vipi basi? Wakamba wa zama hizo hawakuwa na mfalme wala sultani. Watu walikaa kwa motui, na kila utui, yaani mtaa wa maboma yaliyo jirani, ulikuwa na baraza la wazee wake, na uwanja wake wa kuchezea ngoma, na thome, pale mahali pa wazi nje ya boma ambapo wanaume huwasha moto jioni na mashauri hukatwa. Motui kadhaa zikiungana zilifanya kivalo, na vijana waliocheza ngoma pamoja katika kivalo kimoja ndio haohao waliotoka pamoja panapo vita. Kiongozi wa vita, muthiani, hakurithi cheo chake, wala hakuteuliwa na mtu wa mbali. Alikuwa kiongozi maadamu vijana wamekubali kumfuata, nao walikubali kwa sababu wamemwona akichunga ng'ombe penye chui, akicheza ngoma, akigawa nyama, akikosa na akisahihishwa. Thome ilikuwa na kumbukumbu ndefu. Aliyelala zamu yake alitajwa, na aliyesimama wenzake walipokimbia alitajwa vilevile, na kijana wa miaka 18 alipofika wakati wa kupewa mahali katika safu alikuwa amekwisha kupimwa kwa miaka 10 na watu ambao uhai wao na mifugo yao vilitegemea usahihi wa kipimo hicho. Mimi naona kwamba hapa ndipo penye siri ya jambo lote: mwenye kuchagua alikuwa ndiye mwenye kulindwa.

Safari za biashara ziliuzidisha mtihani huo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na mwenye jina kubwa kuliko wote katika biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai, alimzuru mwaka 1849; na ilikuwa kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, kwamba Krapf aliuona mlima Kenya na theluji yake. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana, na mwezi wa Agosti, walipokuwa si mbali na mto, msafara ukavamiwa na wanyang'anyi. Wafuasi wengi walitawanyika porini, Kivoi akauawa pamoja na waliobaki karibu naye, na Krapf akaokoka peke yake, akijificha mchana na kutembea usiku, huku amebeba maji ya Tana katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Alipofika penye watu hakupokewa kwa pole, bali ndugu za Kivoi walimtwika lawama ya kifo cha mkubwa wao, hata akaona salama yake ni kutoroka. Lawama hiyo haikuwa ya haki kwa mgeni asiyeijua nchi, lakini hoja iliyokuwa ndani yake ilikuwa nzito: safu ilipovunjika, nani alikuwa karibu na mkubwa, na kwa nini hakufa mbele yake? Katika nchi ambayo msafara mmoja ulibeba mali ya koo nyingi, swali la namna hiyo halikuweza kuachwa bila ya mtu wa kulijibu.

Kabumbu iliingia kwa milango miwili, reli na misheni. Wamisionari wa Kiskoti walipiga kambi Kibwezi mwaka 1891 kabla ya kuhamia nchi ya Wakikuyu. Walutheri wa Kijerumani walijenga Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1890, kisha Mulango. Na Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission aliweka kituo chake cha kwanza Nzaui mwishoni mwa mwaka 1895, akafariki mwaka uliofuata. Reli iliyotoka Mombasa ilipita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Palipo na misheni palizuka shule, palipo na stesheni palizuka mji mdogo wa wafanyakazi, na palipo na shule au wafanyakazi mpira haukukawia.

Mpira wenyewe nao ulikuwa katika mageuzi. Hadi mwaka 1925 kanuni ya kuotea ilimtaka mshambuliaji awe na wapinzani watatu baina yake na mstari wa lango, na kwa sababu hiyo mabeki wawili walitosha. Mwaka huo idadi ikapunguzwa kuwa wawili, mabao yakafurika kote Uingereza, na Herbert Chapman wa klabu ya Arsenal akawa miongoni mwa wa kwanza kumrudisha nyuma senta-hafu ili awe mlinzi wa tatu, asiye na kazi nyingine ila kuziba katikati. Hivyo yule mwenye fulana namba tano, ambaye zamani alitawala kiungo, akawa nguzo ya ulinzi. Mwaka 1926, mara tu baada ya mageuzi hayo, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni wa Uingereza, na Afrika Mashariki ikajifunza kabumbu ya mashindano ya nchi kwa nchi papo hapo ulinzi ulipokuwa ukizaliwa upya. Hadi leo mzee wa Kitui akizungumza juu ya mpira hasemi beki wa kati wala beki wa pembeni. Husema namba mbili, namba tatu, namba nne, namba tano, naye ataka kila namba ipewe tabia yake: namba tatu mwenye mguu wa kushoto wa kweli, asiyekodi mguu. Namba nne mkali. Namba tano mtulivu, mwenye sauti.

Lakini kabla ya kabumbu kukomaa, Kitui na Makueni zilipata wachaguzi wa namna nyingine kabisa, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu athari yao haijakwisha. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vijana wa Ukambani walichukuliwa kwa maelfu, wengi wao si kwa bunduki bali kwa mizigo, katika kikosi cha wapagazi. Na mwaka 1917, John Ainsworth alipopewa madaraka ya kukusanya watu kwa ajili ya vita vya Tanganyika ya Wajerumani, machifu walitakiwa watoe idadi, na idadi ikatoka kwa hiari na kwa lazima. Baada ya vita Waingereza walianza kuandika kwamba Wakamba ni kaumu ya askari kwa maumbile yao, na kati ya vita vya kwanza na vya pili Wakamba wakawa wengi jeshini kuliko ilivyokuwa sehemu yao katika idadi ya watu wa Kenya. Sifa hiyo iliwafurahisha baadhi ya watu, wala mimi siwanyimi askari wale ushujaa wao. Lakini ukweli ni kwamba mvua iliyokosa kunyesha, na kodi isiyojua ukame, na mifugo iliyopungua, viliandikisha askari wengi kuliko maumbile. Ofisa alifika barazani asubuhi, akapanga vijana safu moja, akawatazama vimo, vifua, meno na nyayo, na kabla ya jua la mtikati alikuwa amekwisha kuchagua. Kazi ambayo thome iliifanya kwa miaka 10, yeye aliifanya kwa saa tatu.

Serikali yenyewe iligundua mwaka 1938 kwamba mlinzi aliyechaguliwa namna hiyo aliuacha moyo wake kwao. Ilipoamuru mifugo ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, ipunguzwe na kuuzwa kwa nguvu, maelfu ya watu wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakimtaka Gavana asikilize shauri lao. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu akiwa mfungwa wa siasa, lakini mnada wa lazima ulisimamishwa, na miongoni mwa mambo yaliyowatia wasiwasi wakubwa wa serikali ni kwamba ndugu za waandamanaji hao ndio waliovaa sare katika jeshi na polisi. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikienda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, na katika watu zaidi ya 1,200 waliozama wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za masika ya Asia, matope yakiwafika magotini, hadi Kalewa mwezi wa Desemba. Waliorudi walikuta serikali ikianza kufyeka vichaka vya mbung'o na kufungua makazi mapya ya Makueni, na wengine wao walirudi na pensheni ndogo, na Kiswahili cha kambini, na mazoea ya kabumbu ya kikosi, ambamo kila mtu hukaa mahali pake mpaka filimbi ya mwisho.

Uhuru ulipofika, ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na Nakuru All-Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Baada yao wakaja Luo Union, na Feisal ya Mombasa, na Abaluhya, ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards, na Gor Mahia iliyoundwa mwaka 1968, na Kenya Breweries. Mtu akiisoma orodha ya mabingwa tangu mwaka ule hadi leo hatakuta klabu moja iliyotoka Kitui wala Makueni. Mashabiki wa huku waligawanyika baina ya timu za wengine, wakizifuata kwa redio, kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela na watangazaji wenzake, na kwa kuwa hawakuwa na timu ya damu yao, mabishano yao yalikuwa huru na upendeleo ambao mahali pengine uliyatia sumu. Hapa Jonathan Niva, beki wa Abaluhya aliyekuwa nahodha wa Kenya, aliweza kusifiwa na mtu asiye Mluhya. Na timu ile ya mwaka 1972, iliyokwenda Kameruni katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, ikatoka sare na Mali na Togo na kufungwa na wenyeji 2-1, ilichambuliwa mtu kwa mtu. Na Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwezi wa Desemba 1987, kwa sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 Nairobi dhidi ya Espérance, kulikuwa na watu waliokataa kata kata kwamba kombe lile ni la Peter Dawo na mabao yake. Walisema ni la nahodha Austin Oduor na la Bobby Ogolla, waliokaa katikati ya ulinzi mabao ya ugenini yakahifadhika. Nami, baada ya kuzitafakari hoja zote mbili, naafikiana nao.

Tutoke sasa katika viwanja vikubwa, twende penye ubishi wenyewe. Desemba, mvua za vuli zikiwa zimeitia nchi kijani na wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa wakiwa wamerudi nyumbani, kata hushindana, zawadi ikiwa fahali au mbuzi, au fulana na mpira. Kiwanja ni cha shule ya msingi, kimesawazishwa na mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ambayo ndiyo iliyochimba matuta ya mashamba na mabwawa ya nchi hii, lakini kina mteremko, na upande mmoja una changarawe ambazo hubadili njia ya mpira ghafla. Beki mwenyeji hulijua kila jiwe. Mpira mrefu ukija yeye haukimbilii. Hurudi hatua mbili, huuacha udunde penye changarawe, na mshambuliaji mgeni aliyekwisha kuruka hujikuta hewani bila ya mpira. Wazee walioketi kivulini huitikia kwa kichwa tu, maana wameona jambo wanalolifahamu: mtu anayewangojea adui penye mawe.

Siku mbili tatu kabla ya mashindano ndipo hoja ya mamluki hushika moto. Je, kata ilete beki wa kukodi kutoka Machakos au Nairobi, mwenye mwili na sifa, au imweke kijana wake wa kidato cha nne, mwembamba, ambaye watu wote wanamjua? Wanaotaka mamluki wana hoja yao, kwamba fahali hapatikani kwa kuoneana huruma. Wanaompinga husema kwamba mamluki hucheza vizuri mpaka goli la kwanza, na goli la kwanza likiingia huanza kutazama gari litakalomrudisha mjini, ilhali yule kijana, akikosa, atakutana na makosa yake sokoni, kanisani na kisimani mwaka mzima. Nimeyasikia mabishano haya katika sehemu zote mbili, Kitui na Makueni, na kila mara nimeona kwamba mwenye hoja ya pili hazungumzi juu ya kabumbu peke yake.

Watoto nao wana mahakama yao. Katika mchanga wa mto uliokauka, manahodha wawili husimama mbele ya wenzao, hurusha kigae kilicholoweshwa mate upande mmoja ili kujua nani aanze, kisha hupokezana zamu kuchagua mmoja mmoja hadi mtoto wa mwisho. Wamarekani katika futiboli yao ya kubeba mpira mkononi wameifanya desturi hiyo kuwa sheria ya vilabu vyao: tangu tarehe 8 Februari 1936, kwa shauri la Bert Bell wa Philadelphia, vilabu vya NFL hupokezana zamu kuwachagua vijana watokao vyuoni, klabu iliyoshika mkia ikitangulia, na mashabiki wao hubishana kwa miezi kama wachukuliwe walinzi au washambuliaji. Katika uchaguzi ule wa kwanza walichaguliwa vijana 81, na aliyechaguliwa wa kwanza kabisa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza katika ligi hiyo hata siku moja. Na Mkenya wa kwanza kuingia katika ligi hiyo, Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwekwa upande wa ulinzi, hakupitia zamu hizo hata kidogo. Alionekana tu na mtu aliyejua kutazama. Hata penye fedha nyingi na vipimo vingi, basi, jicho la mchaguzi hukosea likiwa halijamtazama mtu muda wa kutosha.

Kwetu Kenya hakuna zamu za namna hiyo. Wachaguzi wa timu ya taifa hutazama vilabu vya ligi kuu, na vilabu vya ligi kuu hutazama walio karibu navyo, kwa hiyo beki wa Ikutha au wa Kathonzweni sharti kwanza ahame kwao ndipo aonekane. Mlango mmoja ulio wazi kidogo ni wa jeshi. Klabu ya Ulinzi Stars, iliyoundwa mwaka 1995 na kuwa bingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, huwaandikisha wachezaji wake kuwa askari, na kwa hiyo katika Ukambani, ambako utumishi wa jeshi umekuwa njia ya riziki kwa vizazi vitatu vinne, mzazi husikia habari ya klabu hiyo kwa masikio mawili. Ila uandikishaji wa jeshi lenyewe bado ni ule wa asubuhi moja: vijana huja na vyeti vyao katika viwanja vilevile vya mpira, hukimbizwa, hupimwa kimo na uzito, hutazamwa meno na nyayo, na wengi hurudi nyumbani kabla ya jioni bila ya yeyote kuwauliza walisimamaje siku wenzao walipokimbia.

Kwamba ulinzi ndio uliotutoa jasho katika mashindano makubwa ni jambo lililo dhahiri. Mwaka 2004 huko Tunisia, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, chini ya kocha Jacob Mulee na nahodha Musa Otieno, beki hodari aliyecheza miaka mingi Afrika Kusini, tulifungwa mabao matatu na Mali na matatu na Senegal kabla ya kuishinda Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza katika kombe hilo. Mwaka 2019 huko Misri tuliishinda Tanzania 3-2, lakini Algeria ilitufunga mawili na Senegal matatu. Kisha mwezi wa Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN ya wachezaji wa ligi za nyumbani, vijana wa Benni McCarthy waliruhusu bao moja tu katika mechi nne za kundi lao, na Moroko, ambayo baadaye ilitwaa kombe, waliishinda 1-0 hali wamebaki watu 10 tangu karibu na mapumziko, hadi Madagaska ilipowatoa kwa penalti. Katika kipindi kile cha pili dhidi ya Moroko kila aliyetazama alielewa beki ni nini. Timu ile ilitoka katika ligi yetu, haikuagizwa kutoka Ulaya, na hilo latosha kuonyesha kwamba walinzi wapo nchini, na kwamba wakionekana na wakiaminiwa hawaaibishi.

Kitui ina watu 1,136,187 na Makueni 987,653, kwa hesabu ya mwaka 2019. Ni zaidi ya watu milioni mbili. Uwanja wa Ithookwe ulitengenezwa upya kwa ajili ya sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2025, na ni jambo la kushukuriwa, lakini uwanja hauna kumbukumbu. Thome ilikuwa nayo, na wazee walioibeba wanatutoka mmoja mmoja. Mechi za kata huchezwa, mbuzi huchinjwa, na kufikia Januari hakuna karatasi inayosema nani alisimama namba tano, alimkaba nani, na mabao mangapi yaliingia akiwa uwanjani. Mchaguzi wa klabu akija kuuliza hapewi ila masimulizi, na masimulizi hayampi kijana nafasi ya majaribio. Nawaomba walimu wa michezo, makatibu wa ligi za kata, na mashabiki ambao wana ndimi za kubishana usiku kucha, kila kata ifungue daftari moja, waandike jina la kila beki, namba yake, shule yake, uwanja, tarehe na matokeo, kisha nakala ipelekwe afisi ya michezo ya kaunti na kwa makocha wa vilabu vya ligi kuu. Lianze na mashindano ya Desemba hii.